Kredo Yangu Imeenda Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Jinsi Mtandao Unavyohesabu Simu, SMS na Data

Nilifanya kazi miaka tisa kwenye kampuni moja ya simu hapa Nairobi, zamu za usiku zikizidi za mchana, nikichunga mashine zinazokusanya rekodi za matumizi na kuzigeuza kuwa pesa. Nimeshatoka huko, ila maswali hayajaniacha. Naulizwa kwa kinyozi, naulizwa kwenye mkutano wa chama, na zaidi ya kote naulizwa kwenye kibanda cha Mama Njeri hapa Umoja ninakonunua sukuma. Haya hapa, karibu kama yanavyoulizwa.

Anayehesabu ni nani hasa: simu yangu, laini, au mnara?

Hakuna kati ya hao. Simu yako inaomba tu, laini inakutambulisha, mnara unapitisha. Hesabu inafanyika ndani zaidi: simu za sauti huhesabiwa na swichi (mashine ya kampuni inayounganisha simu), SMS na kituo cha ujumbe, na data na lango ambalo kila baiti yako hulipitia ikienda au ikirudi kutoka intaneti. Kila tukio likikamilika, mashine husika huandika mstari wa kumbukumbu. Kazini tuliuita CDR. Ndio ushahidi wa kila senti unayokatwa.

Ndani ya CDR mna nini? Wanarekodi ninachosema?

Tuseme ni Jumanne jioni, uko kwenye matatu pale Roysambu kuelekea mjini, unampigia mamako Kakamega. Anapokea baada ya milio mitatu, mnaongea dakika nne na nusu, simu inakatika mkiwa Pangani. Rekodi itakuwa na nambari yako, nambari ya mama, na nambari ndefu ya laini yako inayoanza na 639 (hiyo ndiyo Kenya, na tarakimu mbili zinazofuata zinataja mtandao). Itakuwa na nambari ya utambulisho ya simu yenyewe, ile unayoiona ukibonyeza *#06#. Itakuwa na saa ya kujibiwa, kwa mfano 19:12:07, muda wa sekunde 270, mnara ulioanzia karibu na Roysambu na, kwa swichi nyingi, mnara wa mwisho karibu na Pangani. Mwishoni kuna msimbo wa sababu ya kukatika: mtu alikata mwenyewe, au mtandao ulimwangusha.

Maneno mliyosema hayamo. Lakini usidhani rekodi hiyo ni kitu kidogo. Mtu akisoma za mwezi mzima anajua unalala wapi, unafanya kazi wapi, na ni nani unayempigia saa sita usiku.

Nalipishwa tangu simu inapoita?

La. Hesabu huanza pale upande wa pili unapojibu. Mtandao wa anayepigiwa hutuma ishara ya "amejibu", na saa inaanza kugonga hapo. Mlio haulipiwi, wala wimbo unaoskia badala ya mlio. Yule dada wa "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa" naye hakugharimu kitu, kwa sababu hakuna aliyejibu. Ndiyo maana kumflashi mtu ni bure, ingawa swichi nyingi huandika rekodi ya jaribio hilo pia, yenye sekunde sifuri.

Mtego ni ujumbe wa sauti. Simu ikiangukia kwenye sanduku la ujumbe, mashine imejibu, na kwa mtandao kujibu ni kujibu. Ukiskia "acha ujumbe baada ya mlio", umeshaanza kulipa.

Kwa sekunde au kwa dakika, tofauti ni kubwa?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua bei ya mfano ya shilingi 3 kwa dakika, na simu ya sekunde 61. Kwa sekunde ni shilingi 3.05. Kwa dakika ni shilingi 6, maana ile sekunde ya ziada imenunua dakika nzima. Waliokuwa na simu mwaka 2000 watakumbuka Safaricom na KenCell zikianza: Safaricom ikatoza kwa sekunde, KenCell kwa dakika. Mwenye kredo ya kubana, ambaye simu zake zote ni za "nimefika, fungua mlango", alijua upande wa kwenda. Mimi naamini uamuzi ule wa hesabu ulivuta wateja kuliko matangazo yote ya mabango.

Mtandao unajuaje kredo yangu imeisha katikati ya maongezi?

Mfikirie kondakta asiyekudai nauli yote unapopanda, bali anakuja kila baada ya vituo vichache. Unapopiga, swichi huuliza mfumo wa salio: huyu ana kitu? Mfumo unatenga kipande, tuseme cha dakika chache, na kusema mwachie aende. Kipande kikikaribia kuisha, swichi inarudi kuomba kingine. Mfumo ukikosa cha kutenga, simu inakatwa, mara nyingi katikati ya neno.

Kwa data ni vilevile, ila kipande ni cha megabaiti. Na hapa kuna jibu la swali jingine ninaloulizwa sana: kwa nini salio linaonekana limepungua ghafla kisha linarudi? Kipande kilikuwa kimetengwa bila kutumika. Kikao cha data kikifungwa, kilichobaki hurudishwa. Ukiangalia salio video ikiwa inacheza, unaangalia hesabu isiyokamilika.

Bando langu limeisha na sikufanya chochote. Nimeibiwa?

Mama Njeri alinijia na hili akiwa amekasirika kweli. "Baba Achieng, nimenunua GB moja saa mbili usiku, nikalala. Asubuhi hakuna bando, na kredo ya shilingi 80 pia imeenda. Hawa watu ni wezi."

Tulikaa kwenye kreti za soda tukafungua simu yake, sehemu inayoonyesha matumizi kwa kila programu. Kwanza, picha na video: makundi manne ya WhatsApp, mojawapo la harusi ya Jumamosi, na kila video ilikuwa inajishusha yenyewe. Pili, saa kumi alfajiri simu ilikuwa imejisasisha programu kadhaa, kwa kuwa mipangilio iliruhusu kutumia data ya laini, si Wi-Fi pekee. Tatu, nakala za picha zilikuwa zinapanda kuhifadhiwa mtandaoni. Kupanda nako kunahesabiwa. Watu wengi hudhani wanalipia wanachoshusha tu. Lango linahesabu pande zote mbili.

Ile shilingi 80 ndiyo iliyomuuma zaidi, na hapo nilikubaliana naye. Bando likiisha na simu ikaendelea kuomba data, mfumo unaangalia kapu linalofuata, na kapu linalofuata ni kredo ya kawaida, kwa bei ya nje ya bando ambayo ni ghali. Mashine haikukosea, imefuata mpangilio iliopewa. Lakini mpangilio huo uliandikwa na mtu, na kwa maoni yangu kinachofaa ni data isimame hapo hadi mteja aseme ndiyo. Mitandao imeanza kutoa chaguo la kuzima matumizi ya nje ya bando. Litafute kwenye menyu ya laini yako leo, usingoje kuumwa.

Angalia pia bando lako linaisha vipi. "La saa 24" na "la siku" si lazima yawe kitu kimoja: moja huhesabu kutoka dakika uliyonunua, jingine hukata saa sita usiku. Ukinunua la pili saa tano na nusu usiku, umenunua nusu saa. Tangu Oktoba 2019 Safaricom imekuwa na bando zisizo na tarehe ya kuisha, na kwa mtu anayetumia data kidogo kidogo hizo mara nyingi ndizo zenye hesabu ya haki, hata kama GB yake inaonekana ghali.

Simu inasema nimetumia MB 800, wao wanasema 870. Nani mwongo?

Pengine hakuna. Simu huhesabu kilichofika kwake. Lango la mtandao huhesabu kilichopita langoni, pamoja na vipande vilivyotumwa vikapotea njiani hewani, vikatumwa tena. Ukiwa ndani ya lifti au unasafiri mahali penye mawimbi ya kusuasua, tofauti hiyo hukua. Kisha kuna mwanzo wa hesabu: simu nyingi huanza mwezi tarehe 1, bando lako lilianza ulipolinunua. Halafu wengine huhesabu MB moja kuwa KB 1,000 na wengine 1,024. Tofauti ndogo kama hiyo ya hapo juu nisingeipigania. Ikifika theluthi, pigana.

Nimetuma SMS moja, nimekatwa mbili. Imekuwaje?

Hili nalipenda. SMS ina nafasi ya baiti 140, hakuna zaidi. Kwa herufi za kawaida za mtandao wa simu, ambazo kila moja hula biti saba, zinaingia herufi 160. Kiswahili kinakaa humo bila shida, kwani hatuna herufi za vikofia wala nukta za juu. Lakini ukiweka kitu kimoja kisichokuwamo kwenye orodha hiyo, kwa mfano kikatuni cha kucheka, ujumbe mzima unahamia mfumo wa baiti mbili kwa herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ukizidi hapo, ujumbe unakatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande kinatozwa kama SMS.

Sasa sikiliza utamu wake. Andika "ng'ombe". Alama ya king'ong'o iliyonyooka imo kwenye orodha. Lakini simu nyingi za kisasa hujifanya nadhifu na kuigeuza kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo. Kwa hiyo mtu anayeuza ng'ombe wake kwa SMS ya herufi 120 analipa mbili, na aliyeandika "mbuzi" analipa moja. Nilimweleza bosi wangu hilo akacheka hadi machozi, kisha akaniuliza kama linaongeza mapato.

Rekodi zikishaandikwa, zinaenda wapi?

Zinaingia sehemu niliyofanyia kazi, tuliyoiita mediesheni. Swichi za kampuni tofauti huandika kwa lugha tofauti, nyingine kwa msimbo usiosomeka kwa macho. Kazi yetu ilikuwa kuzikusanya kila baada ya dakika chache, kuzifasiri ziwe muundo mmoja, kutupa zisizo na maana kwa malipo, kuunganisha vipande (simu inayodumu saa mbili huandikwa vipande, ili mashine ikizimika usipotee muda wote), na kukagua marudio. Ndipo zinaenda kutiwa bei, kisha kwenye ankara, kwa wale wa kulipa mwisho wa mwezi. Wateja wa kulipa kabla, ambao hapa Kenya ni karibu kila mtu, wameshakatwa papo hapo. Rekodi zao zinakuja nyuma kama risiti, za kulinganisha na kile mfumo wa salio ulichokata.

Ukaguzi wa marudio ndio ulionipa usiku mbaya kuliko yote. Kila faili kutoka swichi ina nambari ya mfuatano, na mfumo wetu ulikataa faili yenye nambari uliyoiona tayari, ili mteja asilipishwe mara mbili. Jambo jema. Usiku mmoja swichi moja ikazimwa kwa matengenezo, na ilipowashwa ikaanza kuhesabu faili zake upya kutoka 0001. Mfumo ukaziona: hizi nazijua. Ukazitupa kwenye folda ya zilizokataliwa, moja baada ya nyingine, kwa saa sita. Skrini ilikuwa kijani tupu, kwa sababu kwa mashine kila kitu kilikuwa kinaenda sawa. Nilikuja kushtuka kumi na moja alfajiri, chai mkononi, nilipoona idadi ya rekodi za swichi ile kwenye ripoti ni sifuri. Nairobi hailali saa sita bila kupiga simu.

Faili zote zilikuwepo, hakuna kilichopotea. Tulizipitisha tena kwa mkono. Lakini ilikuwa usiku wa kufunga mwezi, kwa hiyo simu za watu wa tarehe 31 zikaingia kwenye ankara ya mwezi uliofuata, na simu za malalamiko zikaanza: "Mbona mnanidai simu za mwezi uliokwisha?" Ukiona kitu kama hicho kwenye ankara yako, angalia tarehe ya simu, kisha angalia kama haikuwa kwenye ankara iliyopita. Rekodi iliyochelewa ni halali. Rekodi iliyotokea mara mbili si halali.

Kodi inakatwa wapi?

Ndani ya bei unayotangaziwa. Kuna ushuru wa bidhaa kwa huduma za simu na data, uliopanda hadi asilimia 20 mwaka 2021 kisha ukashushwa hadi 15 mwaka 2023. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 16, inayotozwa kwenye bei pamoja na huo ushuru, yaani kodi juu ya kodi. Kwa viwango hivyo, ukitumia kredo ya shilingi 100, huduma yenyewe ni 74.96, ushuru 11.24, VAT 13.79. Ukijumlisha utaona senti moja imepotea kwenye kuzungusha. Kwa mteja si kitu. Kwenye mamilioni ya rekodi kwa siku, kuna watu ambao kazi yao nzima ni kuitafuta senti hiyo.

Nikipigia mtandao mwingine, nani anapata pesa?

Wako anakutoza, kisha anamlipa mwenzake kwa kumalizia simu upande wake. Bei hiyo ya jumla inawekwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka 2010 ilikatwa kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21, na ndipo vita vya bei vikaanza, mkaona simu za shilingi tatu. Ikakaa senti 99 kwa muda mrefu, ikashuka hadi senti 58 mwaka 2022, na senti 41 Machi 2024. Kila mwisho wa mwezi kampuni mbili huketi na hesabu zao za rekodi na kulinganisha. Huwa hazilingani kabisa. Tofauti ndogo hufumbiwa macho kwa makubaliano.

Na nikiwa nje ya nchi?

Mtandao wa huko unaandika rekodi, kwa sababu ndio uliokuhudumia, kisha unazituma nyumbani kwa faili za muundo maalumu ambao mitandao yote ya dunia imekubaliana. Kwa wa kulipa mwisho wa mwezi, deni laweza kuonekana umeshafungua mizigo nyumbani. Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zina nafuu tangu mpango wa mtandao mmoja wa 2014, wa kupunguza bei za simu kati ya nchi hizo na Kenya. Tanzania haikuingia, jambo ambalo madereva wa malori wa Namanga walilijua kwa mifuko yao.

Okoa Jahazi, ule mkopo wa kredo wa Safaricom, inahesabiwaje?

Ada ni asilimia 10, na deni linakatwa unapoweka kredo tena. Ukiweka 50 ukaona imepungua, ulisahau ulichokopa.

Nani anaruhusiwa kuona rekodi zangu?

Wafanyakazi wachache wenye sababu ya kazi, na kila anayefungua huacha alama yake. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba data yako mwenyewe. Polisi nao wana taratibu zao za kisheria za kufuata. Mpenzi mwenye rafiki anayefanya kazi kwenye kampuni ya simu hana haki yoyote, na rafiki huyo akimsaidia anavunja sheria. Niliwaona waliofukuzwa kwa hilo, wote kwa ajili ya mapenzi.

Nilalamike vipi ili nisikilizwe?

Usiende na "mnaniibia". Nenda na nambari, tarehe na saa. Anayekuhudumia hawezi kutafuta hasira kwenye mfumo. Anaweza kutafuta tarehe 14, 22:05. Na kuwa makini na saa: rekodi zinaandikwa kwa saa 24, kwa hiyo ukisema "saa nne" taja kama ni ya usiku. Nimeona lalamiko la haki likikataliwa kwa kuwa mhudumu alitafuta 04:00 na mteja alikuwa anazungumzia 22:00. Hifadhi ujumbe wa kununua bando na ule wa kuisha. Omba nambari ya lalamiko, iandike. Wakikuzungusha, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa na nambari hiyo. Kama ni suala la faragha, kwa Kamishna wa Data.

Mama Njeri alifanya hivyo. GB yake hakurudishiwa, maana ilikuwa imetumika kweli, mpaka video ya mwisho ya harusi. Ila ile 80 ilirudi, kwa sababu rekodi zilionyesha ujumbe wa "bando lako limeisha" ulimfikia dakika kumi na moja baada ya kredo kuanza kukatwa. Siku ile sukuma nilipewa bure. Nyanya nililipa.